Unahama au unapunguza vitu ndani? Tuzungumze namna ya kutoa msaada hapa Dodoma bila kumbebesha mwenzio mzigo

Binti wa Mlowa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikikaribia Juni na Julai, magrupu ya mitaa yetu hapa Dodoma yanajaa ujumbe wa aina moja: "Nahama, nina vitu vya kugawa, nani anajua kituo cha watoto yatima?" Mtumishi kapata uhamisho, mwanafunzi wa UDOM kamaliza chuo na godoro liko chumbani, mama wa Ilazo kanunua makochi mapya na ya zamani yamekaa barazani yanapigwa vumbi. Moyo wa kutoa upo, na kwa hilo nashukuru sana. Shida inaanza pale kirikuu kinapofika getini bila taarifa, viroba vinashushwa, picha zinapigwa, watu wanaondoka. Anayebaki kupekua vile viroba ni mlezi ambaye tangu alfajiri hajakaa chini.

Mimi ni mmoja wa akina mama tunaojitolea kuchambua na kupanga misaada kwenye kituo kimoja hapa mjini. Jina la kituo naliacha, kwa sababu ninayoyaona pale yanatokea sehemu nyingi. Naomba niwaeleze kiroba kimoja tu, kama nilivyokifungua.

Juu kulikuwa na mashati ya kiume ya ofisini, kola zimechanika. Chini yake gauni la sendofu lenye shanga, saizi ya mtu mzima. Kiatu cha mtoto cha mguu wa kushoto, mwenzake hayupo. Halafu taulo. Hilo taulo lilifungiwa humo likiwa bichi, limeota ukungu mweusi na ukungu umeshapanda kwenye kila nguo iliyoligusa. Chini kabisa nikakuta sweta mbili za shule, zimefuliwa, zimepigwa pasi na kukunjwa vizuri, na ndani ya moja kuna jozi ya soksi mpya ambazo bado zina karatasi yake. Sweta zile ndizo tulizokuwa tunazihitaji kuliko kitu chochote wiki ile, na zilikuwa zinanuka ukungu.

Sasa hapo mnaoishi Dodoma mnaelewa. Mji huu una mgao wa maji. Kuna mitaa maji yanatoka usiku wa manane, kuna mitaa watu wanaishi kwa maji ya boza. Ukimletea mtu nguo chafu umempa kazi ya kufua, umempa na gharama ya maji na sabuni. Na zile zisizofaa, kituo kinalipa tena gari la taka lizipeleke dampo la Chidaya. Yaani kituo kimelipia kutupa taka za mtu mwingine.

Ombi langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo: piga simu kwanza, uliza wanahitaji nini, kisha peleka hicho tu. Kama ulicho nacho hakihitajiki pale, tafuta mahali kinapohitajika. Kituo siyo stoo yako.

Vitu ambavyo mara nyingi nasikia walezi wakivitaja: mashuka ya tatu kwa sita (vitanda vingi ni vya deka, shuka la tano kwa sita linabaki linaburuzika chini), blanketi, ndoo zenye mfuniko, mabeseni, sufuria kubwa, mabegi ya shule, viatu vyeusi vya shule, kanga na vitenge. Sweta nzito zinahitajika kabla ya Juni, maana baridi ya Dodoma na ule upepo wa Juni na Julai siyo mchezo kwa mtoto anayetoka kwenda shule saa kumi na mbili asubuhi. Watu wengi huleta nguo za baridi Desemba kwa sababu ndipo wanapokumbuka kutoa. Desemba hapa ni joto na mvua ndiyo zinaanza.

Na vya kutopeleka kabisa: nguo za ndani zilizotumika. TBS (shirika la viwango) walishapiga marufuku hata kuziuza kama mitumba, kwa sababu za kiafya, kwa hiyo tusiwavishe watoto kitu ambacho sokoni hakiruhusiwi. Ukitaka kusaidia hapo, nunua mpya, hata chache. Dawa zilizobaki nyumbani pia hapana, hata kama hazijaisha muda. Nusu dozi ya antibiotiki ndani ya kabati la kituo ni hatari, anayeumwa apelekwe hospitali. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga usinunue bila kuuliza, maana kila umri una aina yake na yanadai maji safi yaliyochemshwa kila mara.

Karibuni tuongezee. Wenye uzoefu wa vitu vya umeme naombeni sana mpite hapa.

---

Kisasa Mpya

Asante dada kwa uzi. Umenikuta pazuri, nahamia Mwanza mwezi ujao na kuna vitu siwezi kusafirisha. Nina friji ya milango miwili, inafanya kazi ila inachelewa kugandisha na inanguruma kidogo. Nilishapanga Jumamosi niipeleke kwenye kituo kimoja huku kwetu. Niendelee au nisubiri?

---

Fundi Majengo

Mkuu Kisasa, subiri kwanza. Nipo kwenye kazi ya mafriji muda mrefu, nikueleze vitu vya kuangalia mwenyewe kabla hujaita fundi.

Funga mlango ukiwa umebana karatasi kati ya mlango na bodi, kisha ivute. Ikitoka bila kubishana, mpira wa mlango umechoka. Baridi inatoka, joto linaingia, mashine inafanya kazi bila kupumzika, na huo ndio mngurumo unaousikia. Mpira unabadilishwa, siyo tatizo kubwa. Pitisha karatasi pande zote, siyo sehemu moja, mara nyingi unakufa kona ya chini.

Pili, geuza uangalie nyuma. Kama ule wavu wa vibomba vya nyuma umejaa vumbi la Dodoma, usafishe kwa brashi ukiwa umechomoa umeme. Vumbi letu hili jekundu linafunika kila kitu, na friji inapumulia pale nyuma.

Tatu, iwashe usiku na mchana ukiwa na chupa ya maji ndani ya friza. Kama kesho yake maji hayajaganda na mpira ni mzima, hapo kuna suala la gesi au kompresa. Usimpelekee mtu friji ya namna hiyo ukisema "itahitaji fundi kidogo tu". Kutengeneza kompresa ni hela ambayo kituo kingenunulia unga.

Ukiisafirisha, isimame wima. Kama ililazwa, isiwashwe hapohapo ikifika, iache isimame saa kadhaa ili oili irudi kwenye kompresa. Nimeona friji nzima zikifa siku ya kwanza kwa kosa hilo. Na peleka pamoja na fridge guard yake, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo ndiyo inayoiokoa.

Kuhusu friji zilizokufa kabisa: wanaonunua vyuma chakavu wanakata ile bomba ili watoe kompresa, gesi yote inaenda hewani. Friji za zamani sana zina gesi ya R12, ambayo inaharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana dunia iliiondoa. Imeandikwa kwenye kibandiko, nyuma au ndani ya mlango. Mtafute fundi mwenye mashine ya kunyonya gesi kwanza, halafu bodi iende kwa chakavu. Taka za umeme zina kanuni zake tangu 2021 na NEMC (baraza la mazingira) ndio wasimamizi, kwa hiyo hata kutupa tu korongoni ni kosa.

Na jamani TV za chogo. Naomba msizipeleke popote. Kioo chake kina madini ya risasi, inakula umeme, na tangu matangazo ya analojia yalipozimwa hapa mwaka 2013 haionyeshi kitu bila king'amuzi. Mpokeaji anaipokea kwa heshima tu, ikiondoka gari anaitafutia kona.

---

Binti wa Mlowa

Fundi, Mungu akubariki kwa maelezo haya.

Niongeze jambo moja kwa kaka wa Kisasa. Hata friji ikiwa nzima, uliza swali la LUKU. Kituo kinacholipa umeme kwa kuungaunga, ukiwaongezea friji ya milango miwili umewaongezea tokeni kila wiki. Wapo wanaoihitaji kweli, kwa mfano wenye watoto wanaotumia dawa za kuhifadhiwa kwenye baridi, au wanaopewa nyama na mboga nyingi kwa pamoja. Wengine hawana cha kuweka ndani yake. Jibu analo mlezi, wewe huwezi kulijua ukiwa nyumbani kwako.

---

Nkuhungu Moja

Mimi naomba nitofautiane kidogo. Kwa nini tusumbuke na haya yote? Uza kila kitu, hela mpe mwenye shida anunue anachotaka. Makochi yako ukiyapiga picha ukayaweka mtandaoni yanaondoka siku hiyohiyo. Unga, mafuta na ada ndivyo vinavyowatesa watu, siyo makochi.

---

Binti wa Mlowa

Nkuhungu, kwa vitu vikubwa nakubaliana na wewe moja kwa moja. Makochi, meza ya kioo, shoo za kabati, zulia kubwa, hivyo uza. Makochi ya vitambaa vyeupe kwenye nyumba yenye watoto arobaini yanakaa mwezi. Ukiuza, hela inunue gunia la mahindi au ilipe bili ya maji.

Nisichokubali ni kuuza sweta, madaftari, sufuria na mashuka. Sokoni shuka lililotumika linakupa hela ya nauli tu, lakini mlezi akitaka kulinunua atalipa mara kadhaa ya hapo. Vitu vya aina hiyo vina thamani kubwa mkononi mwa anayevihitaji kuliko mfukoni mwa anayeviuza.

Na ukipeleka fedha, ilipwe kwenye akaunti au namba ya Lipa yenye jina la kituo, upewe risiti. Usitume kwenye namba ya simu ya mtu binafsi hata kama anaitwa mlezi mkuu. Hii inamlinda yeye pia, maana hela ya msaada ikipotea, wa kwanza kunyooshewa kidole ni yeye.

---

Nyumba ya Tatu

Mimi huwa nasoma tu humu, leo nachangia.

Nimelelewa kituoni kuanzia nikiwa darasa la pili mpaka nikamaliza kidato cha nne. Siwezi kusema wapi. Walezi wetu walikuwa watu wema na walitupenda. Ila kuna kitu nataka wanaotoa misaada wakijue.

Wageni walipokuja tulipangwa mstari. Tunaimba, tunapokea, tunapigwa picha tukiwa tumeshika sabuni au kiroba cha unga. Nilipofika sekondari, mwanafunzi mwenzangu akanionyesha kwenye simu ya kaka yake picha yangu nikiwa nimeshika paketi ya pedi, nimezungukwa na watu waliovaa fulana zinazofanana. Shule nzima ikajua ninatoka wapi. Miaka imepita, ile picha bado ipo mtandaoni na mimi sina uwezo wa kuitoa.

Tafadhali msipige picha za watoto. Ukihitaji ushahidi wa michango kwa wenzako wa ofisini, piga picha vitu vikiwa vimepangwa mezani, na picha ya karatasi ya makabidhiano. Inatosha kabisa.

Nikumbuke na zuri. Alikuwepo mama mmoja, alikuwa anafanya kazi kwenye wizara fulani, ambaye kabla ya Januari alimpigia mlezi na kumwomba urefu wa mguu wa kila mtoto. Mlezi alituambia tukanyage karatasi, akachora kuzunguka mguu kwa kalamu na kuandika jina juu yake. Shule zilipofunguliwa kila mmoja alipata kiatu chake, na ndani ya kiatu kuna karatasi yenye jina lake. Vingine vilikuwa vimevaliwa lakini vimepigwa rangi na kutiwa kamba mpya. Sikuwahi kumwona huyo mama akipiga hotuba. Mpaka leo nikipita Sabasaba nikiona viatu vyeusi vya mtumba namkumbuka.

Dada Binti wa Mlowa, hilo suala la kuuliza kwanza ulilosema, kwetu sisi tuliopokea lina uzito kuliko mnavyodhani. Mtoto aliyevaa kiatu kinachomtosha anajua kuna mtu alimfikiria yeye.

---

Kisasa Mpya

Nyumba ya Tatu, asante kwa kutuambia. Nimeisoma na mke wangu. Picha tulikuwa tumezipanga, tunaziacha.

---

Ustawi na Jamii

Habari wanajukwaa. Ninafanya kazi ya ustawi wa jamii ngazi ya halmashauri, naomba niweke sawa mambo ya utaratibu, kwa sababu kuna watu wanatumia huruma za watu kujitajirisha.

Makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Leseni inatolewa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na afisa ustawi wa halmashauri anayafahamu makao yaliyo kwenye eneo lake. Kwa hiyo kabla ya kupeleka msaada, pita ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au hata ofisi ya kata uulize. Ni haki yako pia kumwomba mlezi akuonyeshe leseni. Mwenye leseni haoni shida. Anayekasirika kuulizwa, huyo msaada wako uupeleke kwingine na utupe taarifa.

Ukifika, dai karatasi ya makabidhiano: orodha ya vitu, hali yake, nani katoa, nani kapokea, sahihi na muhuri. Kwa vitu vya umeme, simu na kompyuta ambatanisha risiti ya manunuzi kama unayo. Simu ikija kuhojiwa na polisi, karatasi hiyo ndiyo inayomwokoa aliyeipokea. Na kabla ya kutoa simu, toa laini yako na ufute kila kitu mpaka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Laini imesajiliwa kwa alama zako za vidole, lolote litakalofanyika kwayo linarudi kwako.

Jingine, na hili nalisema kila siku: wenye uhitaji Dodoma siyo watoto yatima peke yao. Makao ya watoto ya mjini, yaliyo karibu na barabara ya lami, hupata wageni wengi kila sikukuu. Makao ya Taifa ya Watoto Kikombo na Kijiji cha Matumaini yanajulikana, na ni vizuri kuendelea kuyasaidia kwa kuuliza wanachohitaji. Ila fikirieni na hawa:

Shule ya Msingi ya Wasioona Buigiri, pale Chamwino, njia ya kwenda Morogoro. Wapo watoto wasioona na wapo wenye ualbino wenye uoni hafifu. Kofia yenye ukingo mpana na mashati ya mikono mirefu vinamkinga mtoto mwenye ualbino na jua la Dodoma, ambalo kwake linaweza kuleta saratani ya ngozi. Watu wanawapelekea vitabu vya kawaida vyenye maandishi madogo, wakati wanachohitaji ni karatasi ngumu za nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa vidole.

Hospitali ya Mirembe, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General. Hospitali kubwa zina ofisi ya ustawi wa jamii. Kuna wagonjwa wanaofika bila ndugu, anaruhusiwa kurudi nyumbani na hana hata shati la kuvaa. Nguo za watu wazima, zile ambazo vituo vya watoto havina pa kuzipeleka, hapa zina kazi. Usiingie wodini kugawa mwenyewe, anzia kwenye ofisi hiyo.

Makazi ya wazee Sukamahela, Manyoni, kwa wanaosafiri kuelekea Singida. Wazee wanasahaulika sana. Blanketi, kanzu, kanga, viatu laini, redio ndogo ya betri.

Na mwisho, jirani yako. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wanazijua kaya zenye hali ngumu, zikiwemo zilizo kwenye mpango wa TASAF. Bibi anayelea wajukuu Chang'ombe au Ntyuka hana kituo, hana bango, na sufuria yako anaihitaji leo.

Kwa wakati wa maafa utaratibu ni mwingine, misaada inapitia kamati za maafa za wilaya na mkoa. Tope lilipoporomoka Katesh, Hanang, Desemba 2023, nchi nzima ilijitoa. Wakati kama huo sikilizeni kwanza kamati inatangaza nini kinapungua. Nguo zisizochambuliwa zinachukua nafasi ya ghala na nguvu za watu ambao wangekuwa wanagawa chakula.

---

Mama Wawili Area C

Mchango mzuri sana afisa. Mimi naongeza la nyumbani. Kabla hujapiga simu kituoni, umemuuliza dada anayekusaidia kazi? Mlinzi? Mama anayekufulia? Watu wanapeleka magodoro mbali wakati dada wa kazi anapeleka nguo zake kijijini kwenye mfuko wa salfeti kwa sababu hana begi.

Ila muulize akiwa huru kukataa, na usimkate kwenye mshahara. Nimesikia mtu anasema "mwezi huu nimekupa jiko, hela utachukua mwezi ujao." Mshahara ni jasho lake, jiko ni zawadi yako. Visichanganywe hata siku moja.

---

Mwaka wa Tatu

Habarini. Mimi nipo UDOM, tunamaliza na hosteli nzima watu wanaacha magodoro. Tumeongea na wenzangu tukusanye yote tupeleke kwenye kituo. Tufanyeje?

---

Binti wa Mlowa

Mdogo wangu, wazo zuri na nyie mna nguvu za kubeba. Ila godoro la hosteli lina mtihani mmoja: kunguni.

Kagueni moja moja, mchana, juani. Vueni kava. Angalieni kwenye mshono wa pembeni na kwenye kona, mkitumia tochi ya simu. Kunguni mwenyewe anajificha, lakini anaacha alama: vidoti vyeusi kama nukta za kalamu ya wino, magamba ya kahawia mepesi, na mayai meupe madogo sana. Angalieni pia kwenye matundu ya misumari ya kitanda alipokuwa analala huyo mtu. Mkikuta dalili kwenye godoro, hilo lisiende popote na lisichanganywe na mengine kwenye gari.

Msidanganywe kwamba jua la siku moja linatosha. Kunguni anakufa kwa joto kali kuanzia nyuzi joto 50 hivi, na katikati ya sponji hapafiki huko hata kwa jua letu, yeye anaingia ndani zaidi anasubiri. Anaweza kukaa miezi bila kula. Kituo chenye vitanda sitini vya deka kikiingiwa, ni kupulizia dawa jengo zima na watoto kulala nje ya vyumba vyao, na inarudi tena. Mashuka na mapazia yanayotoka humohumo chemsheni maji, lowekeni, ndipo myaanike.

Mazima yaliyobaki: lisiwe limebonyea katikati kiasi cha kuhisi chaga, lisiwe na harufu ya mkojo. Halafu pigeni simu mwulize saizi. Kama vitanda vyao ni vya tatu kwa sita, ya mbili na nusu yenu yatabaki na nafasi pembeni na mtoto mguu utaingia kwenye mwanya. Hayo ya mbili na nusu yapelekeni kwa afisa mtendaji wa mtaa, zipo kaya zinalalia mkeka.

---

Mwaka wa Tatu

Nimeelewa dada, tutakagua kabla ya kupakia. Na vitabu? Tuna vya kidato cha tano na sita, na vya msingi alivyoacha mdogo wa rafiki yangu.

---

Chaki ya Kongwa

Nijibu hapo kwenye vitabu, mimi ni mwalimu. Mtaala mpya ulianza kuingia Januari 2024, ukianza na baadhi ya madarasa na kupanda. Kwa hiyo kitabu cha kiada cha zamani, muulizeni kwanza mwalimu wa shule mnayotaka kupeleka kama bado kinatumika kwa darasa hilo. Mtoto akisomea mada ambayo imeondolewa anapoteza muda wake.

Kamusi, atlasi, vitabu vya hadithi, hivyo leteni wakati wowote, havizeeki. Shule za vijijini huku Kongwa na Mpwapwa kitabu cha hadithi cha Kiswahili kinazunguka darasa zima mpaka kinabaki bila jalada. Na kabla ya kutoa, toeni karatasi mlizoweka ndani. Nimewahi kukuta kwenye kitabu kilichotolewa nakala ya cheti cha kuzaliwa na karatasi ya namba ya NIDA ya mtu.

---

Kisasa Mpya

Wakuu, nimerudi na mrejesho wa friji.

Nimefanya jaribio la karatasi, imetoka kona ya chini kama Fundi alivyosema. Nimebadilisha mpira, nimesafisha nyuma, maji kwenye friza yameganda na mngurumo umepungua sana. Nikampigia mlezi wa kile kituo. Akanishukuru, akasema friji wanayo, ya pili hawataweza kuilipia umeme. Akaniomba kama nina ndoo zenye mfuniko na mashuka. Ninayo mashuka na ndoo nne, nayapeleka keshokutwa.

Friji nimemuuliza mwenyekiti wa mtaa. Kaniambia kuna mama mjane Nzuguni, anauza maji na juisi ya ubuyu karibu na stendi kuu, kila asubuhi ananunua barafu kwa mtu. Tumeongea naye, ameiona ikiwa imewashwa, ameridhika. Umeme anao. Naombeni ushauri wa mwisho, nimpelekeeje, na kuna kitu nimesahau?

---

Binti wa Mlowa

Kaka, hongera sana. Huyo mama barafu ya kununua inamla faida yote, kwa hiyo hapo umempa mtaji.

Chukua toyo au kirikuu, nauli lipa wewe, pamoja na ya vijana wa kushusha. Usimwachie yeye bili ya kushusha mzigo mlangoni. Ifungwe kamba ikiwa imesimama, mlango ubanwe kwa gundi ya karatasi usifunguke njiani, vioo vya ndani vitolewe vifungwe kwenye nguo. Mpe fridge guard, mpe na risiti yako ya zamani kama ipo, na muandikiane karatasi mbele ya mwenyekiti, kila mmoja abaki na nakala. Mwambie asiiwashe mpaka jioni.

Mashuka kabla hujayapeleka yafue, yakauke kabisa, uyakunje kwa jozi na uandike saizi juu kwa karatasi. Tia kwenye maboksi au viroba safi. Nenda siku ya kazi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, watoto wakiwa shuleni. Muda huo mlezi ana nafasi ya kukagua na kusaini bila haraka.

---

Fundi Majengo

Kisasa, nitumie ujumbe pembeni, Nzuguni ni njia yangu. Nitapita kwa huyo mama siku ya kuiwasha nimpimie umeme wa hapo kwake, maana kama nyaya za soketi ni nyembamba itabidi ziguswe kwanza. Simdai kitu.